Mgeni wa Nani? Historia ya Chakula cha Njiani

Mwaka 1331, chombo kilipokaribia bandari ya Mogadishu, kililakiwa na mashua ndogo kabla hakijatia nanga. Ndani ya mashua hizo walikuwamo vijana wa mjini, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana akishapanda chomboni, alimchagua mfanyabiashara mmoja, akamwekea sahani mbele yake na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Basi mfanyabiashara huyo alifikia kwa mwenyeji wake huyo, na kila alichouza au kununua kilipitia mkononi mwake. Ni mzoefu tu, mwenye kuwafahamu watu wa mji, aliyeweza kushukia apendapo. Aliyetuachia habari hizi ni Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, ambaye mwaka huo aliteremka Mogadishu, akapitia Mombasa, kisha akafika Kilwa.

Yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alikuwa mgeni wa mtawala, na aliandika kwa kina alichoandaliwa. Wali uliopikwa kwa samli ulipakuliwa kwenye kombe kubwa la mbao, na juu yake vikawekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari za ndimu, vishada vya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili hiyo haikuwa hii kali tunayotia kwenye kachumbari, kwani mbegu yake wakati huo ilikuwa bado Amerika. Lakini ukikaa leo katika hoteli ya Wasomali mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ukaletewa wali wa nyama na ndizi mbivu ubavuni, utaona kuwa meza ile haijaondoka mbali na ilipokuwa.

Sahani iliyofunikwa ya Mogadishu ina swali ndani yake, na swali hilo ndilo ninalolifuata hapa: mtu akiwa mbali na jiko la kwao, nani amlishe, na kwa malipo gani? Kwa karne nyingi Pwani ilijibu kuwa ni kazi ya mwenyeji. Siku hizi jibu ni mama ntilie, kibanda cha chai, muuza chipsi, mchoma mishkaki wa jioni. Ukiifuata safari ya kutoka jibu la kwanza hadi la pili, utaona jambo moja likijirudia. Vyakula vya njiani tunavyovionea hamu leo havikuanzia kwenye starehe. Vilianza kwa sababu kulikuwa na mtu kazini, mbali na kwao, ana njaa na ana senti chache mfukoni.

Kabla ya hapo, chakula kilikuwa cha nyumbani, nacho kilikuwa kikibadilika kuliko tunavyodhani. Al-Masudi, aliyesafiri katika nchi ya Zanj, yaani Pwani hii, mwanzoni mwa karne ya 10, aliwakuta watu wakitegemea mtama na mizizi ya kuchimba, pamoja na ndizi, nazi, asali na nyama. Kisiwani Pemba, wataalamu wa mambo ya kale wamechekecha udongo wa majiko ya zamani wakahesabu punje zilizoungua. Katika mji wa Tumbe, uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, punje nyingi ni za uwele. Katika mji wa Chwaka, ulioufuatia baada ya karne ya 11, mchele ndio uliotamalaki. Mchele ulipanda ngazi pamoja na miji, misikiti na karamu, ukawa chakula cha kumpa mgeni. Hadi leo, arusi isiyo na pilau au biriani huacha maneno mtaani.

Kisha, kuanzia karne ya 16, njia za Wareno zikaleta mahindi, muhogo, mapapai, mananasi, korosho na pilipili kali. Muhogo na mahindi vilikaa karne kadhaa bila kelele. Siku yao ilikuja baadaye, pale ilipotafutwa njia rahisi ya kulisha watu wengi wasio na mwenyeji.

Siku hiyo ilikuja karne ya 19. Seyyid Said alipouhamishia utawala wake Unguja, mji ulijaa wageni kupita uwezo wa wenyeji kuwakaribisha. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi tangu Desemba, na mabaharia walilazimika kungoja kusi miezi kadhaa ndipo warudi. Mashamba ya karafuu yalijaa watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka bara. Mjini walikuwapo vibarua, ambao wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa kwa siku: wakabeba magunia bandarini, wakampelekea bwana wao sehemu ya ujira, na kilichobaki wakajilisha nacho. Hapa ndipo naona mwanzo halisi wa biashara yetu ya chakula. Kibarua hakuwa mgeni wa mtu. Hakuna kijana aliyemletea sahani iliyofunikwa. Alikuwa na senti zake na njaa yake, na alihitaji kitu cha kula akiwa amesimama, kabla chombo kingine hakijafunga gati.

Muuza kahawa ni wa dunia hiyohiyo, na amebaki nasi hadi leo. Dele la shaba limekaa juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono vinagonganishwa kwa vidole ili vilie, na kashata za nazi au za njugu zimepangwa kwenye sinia. Kahawa yenyewe ni chungu kwa makusudi. Unauma kashata kidogo, unapiga funda, na utamu na uchungu vinakutana mdomoni. Ni kitafunwa cha bei ya chini kabisa, lakini kinakupa haki ya kukaa barazani saa nzima ukizungumza siasa na mpira. Ukipita Jaws Corner, Mji Mkongwe, utawakuta wazee wamekaa hivyo. Sijui chakula kingine cha barabarani kinachompa mtu heshima kubwa hivyo kwa fedha ndogo hivyo.

Njia za misafara zilikuwa na hesabu kali zaidi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walitembea kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji wakiwa na mizigo mabegani, na posho yao ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Mara nyingi hawakupewa nafaka yenyewe. Walipewa kitambaa cha merikani au shanga, wakatafute chakula kwa wanakijiji watakaopita kwao. Hivyo kila kambi kwenye njia ile ikawa soko. Wanawake walifika na unga, kuku, viazi vitamu, ndizi na pombe, wakabadilishana na watu wasiowajua ambao kesho yake wangekuwa wameshaondoka. Sheria ya ukarimu haikuweza kubeba msafara wa watu mia kadhaa. Bei ikachukua nafasi yake.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Waliotoka utumwani walimiminika mijini, ng'ambo ya mitaa ya mawe, wakajenga nyumba za udongo na makuti. Wanawake wengi hawakuwa na shamba wala mume mwenye mshahara, ila walikuwa na mikono iliyojua kupika. Kitumbua ni unga wa mchele, tui la nazi, sukari, iliki na hamira. Mtaji wake unaweza kukopwa asubuhi na kurudishwa jioni. Mtu aliyenyimwa karibu kila kitu aliweza kuanzia hapo, na wengi walianzia hapo.

Kisha ikaja reli, na hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu sahani yetu ya kila siku ilipikwa zaidi na reli kuliko na kitu kingine chochote.

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896 ukafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na chakula chao walikizoea kwao: unga wa ngano, mchele, dengu, samli, viungo. Mfanyabiashara Allidina Visram alipewa kazi ya kuwauzia chakula, akafungua maduka kufuata njia ya reli. Wengi wa vibarua walirudi kwao au walifariki, lakini maelfu kadhaa walibaki, na maduka yalibaki. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga iitwayo Unga Limited, ngano ikaanza kulimwa na kusagwa nchini. Kwa muda wa kizazi kimoja au viwili chapati ikatoka kwenye jiko la Mhindi ikaingia kwenye jiko la Mkikuyu, Mluo na Mluhya, na katika nyumba nyingi za bara Kenya ikawa chakula cha Krismasi na cha mgeni mkubwa. Watoto walihesabu miezi kuifikia. Huko Uganda vijana wakaja kuikunjia mayai ya kukaanga na kabichi, wakaiita rolex, ikawalisha wanafunzi wa Makerere wenye mfuko mwembamba.

Wajerumani nao walijenga reli yao kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, iliyokamilika mwaka 1914. Kila kituo kikazaa mji, na kila mji ukazaa wapishi.

Lakini nguvu ya reli ilikuwa zaidi kwenye mshahara iliouzoesha. Serikali za kikoloni na makampuni walimlipa Mwafrika wa mjini kana kwamba hana mke wala mtoto. Hesabu ilifanywa hivi: familia iko kijijini, inajilisha kwa jembe; mwanamume yuko mjini peke yake; basi mpe kinachomtosha yeye tu, pamoja na kitanda kimoja kwenye chumba cha watu wengi. Huko Katanga makampuni ya madini yaligawa unga wa mahindi kwa wafanyakazi, na bukari, yaani ugali wa huko, ikawa chakula cha mji. Nairobi na Mombasa waajiri waligawa posho ya mahindi, au fedha kidogo badala yake. Serikali yenyewe ilikuja kukiri. Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika nchini Kenya na kutoa ripoti mwaka 1954, ilisema wazi kuwa mshahara wa chini ulikuwa wa mtu mseja, na ikapendekeza uongezwe hatua kwa hatua hadi utoshe kulea familia. Kabla ya hapo, Januari 1947, wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa walikuwa wamegoma, kuanzia makuli wa bandarini na watu wa reli hadi wahudumu wa hoteli, kwa sababu walichokipata hakikulisha mtu.

Mwanamume mseja kwa lazima, anayelala chumba kimoja na wenzake, asiye na jiko wala wa kumpikia, atakula wapi? Jibu lilitoka kwa wanawake. Pangani na Pumwani, Nairobi, wenye vyumba waliwauzia wapangaji na wageni wao chai ya asubuhi na sahani ya jioni. Wanawake wa Kikuyu walibeba maharage na mahindi hadi mjini, wakafukuzwa na askari, wakarudi. Kariakoo, Dar es Salaam, mtaa uliopata jina kutoka kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, uji na mihogo viliuzwa alfajiri kwa watu waendao bandarini. Mabwana wa mji waliwaita wahuni na wachafu, huku wakitegemea kila siku migongo iliyolishwa na wanawake haohao. Nalisema hili kwa uzito: wapishi hawa ndio waliofidia upungufu wa mshahara wa kikoloni, na hakuna aliyewaandikia hundi.

Katika vibanda hivyo chai ilipata ufalme wake. Majani ya chai yalipandwa Limuru mwaka 1903, na Amani, milima ya Usambara, karibu na wakati huo. Kwa miongo mingi Mwafrika wa Kenya alizuiwa kulima chai kwa biashara, lakini aliruhusiwa kuinywa, hasa ile ya vumbi iliyobaki baada ya bora kusafirishwa. Ikachemshwa na maziwa na sukari nyingi kwenye sufuria moja. Kikombe cha chai na maandazi mawili vilimsimamisha kibarua hadi mchana. Pwani walikula mahamri yenye tui na iliki, kwa mbaazi za nazi. Bara waliweka maandazi ya ngano tupu. Chakula hicho cha haraka cha kuwahi kazi ndicho leo tunachokiita kifungua kinywa cha kwetu, nacho tunakikumbuka kwa mapenzi tukiwa ughaibuni.

Kula kwa kukaa mezani, kwa kitambaa na uma, kulikuwa kwa wengine. Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa Nairobi mwaka 1904, na Mwafrika aliiingia kama mhudumu. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, hata mgao wa chakula mjini Dar es Salaam ulifuata rangi ya mtu, kila kundi likipangiwa kile ambacho serikali ilidhani ndicho chakula chake: Mwafrika unga wa mahindi, Mhindi mchele. Watu wa Pwani waliokuwa wamekula wali kwa karne nane waliambiwa wali si wao. Ndiyo maana uhuru ulipokuja, kuketi hotelini na kuagiza chai kulikuwa na uzito ambao kijana wa leo, mwenye kahawa ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, pengine hauoni.

Uhuru haukuleta shibe moja kwa moja. Tanzania ilipitia Azimio la Arusha mwaka 1967, ukame wa 1973 na 1974, kuhamia vijijini, Operesheni Maduka ya 1976 iliyofunga maduka ya watu binafsi, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na unga viliadimika. Watu waliacha mawe kwenye foleni kushika nafasi zao wakaenda kutafuta riziki nyingine. Mahindi ya njano ya msaada yaliingia, na unga wake ukabandikwa jina la timu ya Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi yake. Mshahara wa mfanyakazi ulibaki na thamani isiyofika nusu ya ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Ilitokea tena kama wakati wa mkoloni: mshahara haukutosha, na wanawake wakaziba pengo. Safari hii hata mke wa karani na mwalimu alitoka na sufuria. Mtaji ulitoka kwenye upatu, ambapo wanawake kumi au zaidi huchanga kila wiki na kumpa mmoja wao kwa zamu. Mama ntilie aliweka majiko yake nje ya kiwanda, kwenye ujenzi, karibu na ofisi za serikali yenyewe. Sufuria moja ilikuwa ya wali, ya pili ya ugali, ya tatu ya maharage, na bakuli la mchicha na la dagaa kando. Benchi moja la mbao liliwaketisha bosi na tarishi bega kwa bega. Asiye na fedha aliandikwa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Ukarimu wa zamani, uliokuwa umeuawa na bei, ulirudi kwa mlango huo wa daftari: mpishi alimkopesha mtu chakula kwa kuwa alimfahamu na aliamini atarudi.

Serikali haikuliona hivyo. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, iliyotaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na wengi waliokuwa wakijitafutia mjini walikamatwa wakasafirishwa vijijini. Mama ntilie walimwagiwa vyakula, wakabebewa masufuria. Mfikirie mama aliyeamka saa tisa usiku, akachambua mchele kwa mwanga wa kibatari, akalipa nauli ya mkaa, kisha saa sita mchana, wateja wakiwa wameshanawa mikono, anaona wali wake mchangani. Ni baada ya Rais Ali Hassan Mwinyi kushika madaraka mwaka 1985 na kulegeza biashara ndipo moto wake ulipoweza kuwaka bila kujificha, ingawa si kwa amani ya kudumu.

Miaka hiyohiyo migumu iliwatoa pia waliokuja kuwa wakubwa. Kundi la kampuni za Bakhresa linaeleza kuwa lilianza na mgahawa mdogo Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970. Baadaye likasaga ngano, na askrimu zake za Azam zikasambaa mitaani kwa baiskeli zenye kasha la barafu na muziki ambao kila mtoto wa Dar anautambua akiwa nyumba tatu mbali. Kabla yake, mtoto alikuwa na lambalamba, na barafu za ubuyu na za ukwaju zilizogandishwa kwenye vifuko. Mombasa na Unguja alikuwa na ubuyu wa sukari na rangi nyekundu, ule unaoacha ulimi ukikusema kwa mama. Utamu wa mtoto umekuwa daima wa sarafu moja, na muuzaji wake ni jirani anayejua jina lake.

Ulegezaji wa biashara ulileta mafuta ya kukaangia kwa wingi, na mafuta yakaleta chipsi. Viazi mviringo vilikuwa vimelimwa kwa miaka mingi Lushoto, Njombe, Nyandarua na Meru, lakini kama mboga ya mchuzi. Sasa vilikatwa vidole, vikazamishwa kwenye karai, vikauzwa usiku chini ya taa. Chipsi mayai ni uvumbuzi ninaouheshimu. Muuzaji huweka chipsi zilizokwisha kukaangwa kwenye kikaango, humimina mayai mawili yaliyopigwa kwa uma, hukandamiza kwa mwiko hadi kuwe na ukingo wa kahawia, hufunika kwa sahani, hugeuza kwa mkono mmoja, hurudisha upande wa pili. Kachumbari juu, pilipili pembeni, vijiti vya kuchokolea meno badala ya uma. Vijana huiita zege. Ni mlo kamili wa mtu asiye na jiko chumbani, nao huiva upesi mteja akiwa amesimama. Mseja wa 1947 angeuelewa mara moja.

Januari 2022 viazi hivyo vilizua mzozo wa kitaifa Kenya. KFC, iliyofungua milango yake nchini humo mwaka 2011, ilitangaza kuwa chipsi zimekwisha kwa sababu meli zimechelewa. Wakenya waliuliza: viazi vinatoka nje, na Nyandarua vinaoza? Watu walihimizana kuigomea, na kampuni ikaahidi kutafuta wakulima wa nchini. Naamini hasira ile ilikuwa ya haki. Kila muuza chipsi wa mtaani ananunua gunia kwa dalali aliyelitoa shambani juzi. Yeye ndiye soko la mkulima mdogo, mwaka mzima, bila mkataba wala tangazo.

Unguja iliendelea na njia yake. Bustani ya Forodhani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa, ikawa jiko la jioni, na baada ya kukarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan ilifunguliwa upya mwaka 2009. Watalii hupigwa picha na ile iitwayo piza ya Zanzibar, chapati nyembamba iliyofungwa nyama na yai, ndugu wa mkate wa mayai wa Mombasa. Wenyeji, ukiwafuata, wataingia uchochoroni kunywa urojo. Bakuli lake ni ramani ya bahari. Mchuzi wa njano, mzito kwa unga, umechachushwa kwa embe au ndimu. Ndani yake kuna bhajia na kachori za Kihindi, viazi vya Amerika vilivyochemshwa, mishkaki, yai, vipande vya muhogo mkavu vya kutafuna, chatini ya nazi ya kisiwani, na pilipili inayokufanya uvute pumzi kwa meno. Kila kimoja kilifika kwa jahazi lake na kwa sababu zake, nyingine za kusikitisha, na mama mmoja mwenye upawa amevipatanisha.

Baada ya mapinduzi ya 1964 maelfu waliondoka Unguja, na wengi wakafikia Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kuingia madarakani mwaka 1970 na kuwaita nyumbani. Walikwenda na Kiswahili chao na mapishi yao. Leo mishkaki huchomwa kando ya barabara Muscat kama Darajani, Unguja, na maandazi huliwa na chai na watu ambao hawajawahi kuiona Afrika.

Na mvutano na mamlaka haujaisha. Kila kipindupindu kinapozuka, kama Dar es Salaam mwaka 2015, amri ya mapema ni kuwazuia wauza chakula wa nje. Sipingi tahadhari; watu hufa. Lakini ugonjwa huo unatokana na maji machafu na mitaro iliyoziba, na mama ntilie ndiye anayenunua maji kwa ndoo kwa bei ghali kuliko mwenye bomba. Desemba 2018 Rais Magufuli aliwapa wajasiriamali wadogo vitambulisho kwa shilingi 20,000, na kwa muda askari wa mgambo walipoa. Oktoba 2021 walitakiwa tena kuondoka kandokando ya barabara na kwenda maeneo yaliyotengwa. Wengi walikuta maeneo hayo hayana wateja. Chakula cha mchana hakiwezi kumngoja mtu kilomita mbili kutoka kazini kwake. Ana nusu saa tu. Sasa kuna mkakati wa nishati safi, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie gesi, umeme na mfano wake ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa mapafu ya wapishi hawa, ambao wamevuta moshi kwa niaba yetu sote. Shida ni bei ya mtungi mkubwa, kwa sababu mkaa hununuliwa kwa kopo na gesi hailipiwi kirahisi hivyo.

Jaribio lililo karibu zaidi liko kwenye reli. Kwa miaka mingi abiria wa reli ya kati wamejua kuwa treni ikisimama Saranda, wilayani Manyoni, madirisha yatafunguliwa na mikono itanyooshwa: kuku wa kienyeji waliokaangwa, wali kwenye sahani, mayai, ndizi, maji. Kijiji kizima kimesomesha watoto kwa dakika chache za treni kusimama. Reli mpya ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma miezi miwili haijaisha. Ni treni nzuri, ya haraka, ninaifurahia. Madirisha yake hayafunguki, na jukwaani huingia mwenye tiketi. Kipande cha Makutupora hadi Tabora, kinachopita upande huo wa Manyoni, bado kinajengwa, kwa hiyo muda wa kuwatengea wapishi wa Saranda vibanda, maji na mlango wa kuingilia ndani ya kituo upo, na michoro ya stesheni bado inaweza kurekebishwa.